Msimu Nilioshika Tochi kwa Meno

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri. Simu tatu kabla sijamaliza chai. Pampu moja imeungua, ya pili inanguruma bila kutoa maji, na ya tatu mwenyewe hajui ina nini, anajua tu kwamba bomba limekauka na wageni wanafika kesho.

Nimekwenda zote tatu peke yangu. Tochi nimeishika kwa meno.

Daftari hili ni la kazi. Huwa naandika pampu ya nani, ugonjwa wake, nilichobadilisha, basi. Lakini kwa miaka kumi na moja nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye njiani tukirudi. Sasa sina, kwa hiyo daftari itabidi linivumilie.

Tarehe 5

Meno yanauma. Nimeonja kutu mpaka kwenye chai.

Tarehe 7

Leo hakuna kazi. Niandike ilivyokuwa, nisije nikaanza kujidanganya mwenyewe.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa mpiga picha. Mtaa mzima unamwita Tulia, kwa sababu ndivyo alivyosema kabla ya kila picha: "Tulia... tulia hapo hapo." Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti cha kuzunguka, na taa mbili kubwa alizozivisha miavuli myeupe. Alikuwa akikushika kidevu kwa vidole viwili, anakigeuza kidogo tu, kama mtu anayefungua redio ya zamani. Picha yangu ya harusi aliipiga yeye. Kwenye picha ile mimi ni mzuri kuliko nilivyopata kuwa maishani, na siku alipoiona mume wangu alisema, "Kaka, huyu uliyempiga ni nani? Mimi nimeoa mwingine."

Simu zilipoanza kupiga picha, wateja wa Tulia walipungua wakabaki wa pasipoti, kisha hata hao wakaisha. Mwaka huohuo mume wangu akafariki. Aliniachia karakana, sanduku la spana, na ufundi wa pampu alionifundisha kwa miaka tisa. Wiki chache baada ya maziko, Tulia alisimama mlangoni amevaa koti lake la studio.

"Shemeji," alisema, "mimi spana sizijui. Lakini kama kuna kitu cha kushika, nitashika."

Nikampa tochi.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama mwenye duka la dobi, nyuma ya mashine zake za kufulia, kwenye boksi la umeme la pampu. Mwanga ulikuwa unacheza. Nikimwambia inua, unainuka na kutikisika. Nikimwambia shusha, vilevile. Bisibisi ikateleza, ikanichana kidole gumba.

"Tulia, tulia basi!" nikafoka. Mwenye dobi akacheka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza: "Hata msumari ukutani ungeshika tochi vizuri kuliko wewe."

Tulia aliiweka tochi juu ya kopo la rangi, akaielekeza kwenye boksi, akainama kuhakikisha hainitupii kivuli. Kisha akasema, "Basi tundika."

Kesho yake alipanda basi kwenda kwa binti yake, safari ya saa sita. Nami nilikuwa na hasira bado. Nilijiambia: mtu mzima kununa kwa neno moja!

Tarehe 8

Nimekwenda dukani kwa muuza vifaa kutafuta taa ya kichwani. Meno ninayahitaji kwa kula.

"Mama Pampu!" akasema. "Nilikuwa nakungoja. Chukua hii. Inamulika mpaka mwezini."

"Mimi kazi zangu ziko chini ya ardhi."

"Basi itamulika mpaka upande wa pili wa dunia."

Boksi limeandikwa namba kubwa ajabu ya ukali wa mwanga. Nimeichukua. Mwanga wake ni mweupe hivi, mweupe wa kuchoma macho. Nimefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Tarehe 10

Furaha ya siku mbili. Leo nimerudi kwa mwenye dobi kumfungia mota mpya. Taa ilikuwa kichwani, mikono yote miwili huru, nikaunganisha waya tatu kwa muda mfupi kuliko siku zote. Nikawasha. Pampu ikazunguka kwa nguvu, na maji yakatoka machache, kama machozi ya mamba.

Nilichukua muda kuamini. Nilikuwa nimechanganya waya mbili, kahawia na nyeusi, na mota ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Nikazima, nikazitoa waya nje kwenye mwanga wa jua: kahawia ni kahawia, nyeusi ni nyeusi, mtoto angezitofautisha. Nikarudi ndani, nikawasha taa yangu ya mwezini: zote mbili rangi ya makaa.

"Yule mzee wa tochi yuko wapi?" mwenye dobi akauliza.

"Amesafiri."

"Alikuwa anakusomea rangi. Nilidhani ni sehemu ya ufundi."

Kweli alikuwa anasoma. Nilipokuwa nikinyoosha mkono kwenye waya, yeye alikuwa akisema polepole nyuma ya sikio langu, "Kahawia kushoto kwako... hiyo nyeusi... hiyo ya kijivu." Miaka kumi na moja nilidhani ni mzee anajisemea.

Tarehe 13

Mvua. Pampu mbili. Shingo.

Tarehe 15

Shingo inauma kwa sababu ya taa ya pili. Hii ina mwanga wa manjano kidogo, rangi zinaonekana, nikamshukuru Mungu. Lakini betri zake tatu zote zimekaa mbele, kwenye paji la uso, kama pembe ya kifaru. Nikiinama, inashuka kwenye pua. Nikikaza mkanda, kichwa kinapasuka. Leo nimeinama juu ya kisima cha shule, ikateleza ikaning'inia sikioni, na watoto wa darasa la kwanza wakapiga makofi.

Nimeirudisha dukani.

"Tatizo lako, Mama Pampu, una kichwa kidogo," muuza vifaa akasema.

"Tatizo langu ni muuza vifaa mwenye mdomo mkubwa."

Amenipa ya tatu. Betri iko nyuma kisogoni, uzito umegawanyika. Tuone.

Tarehe 16

Mvua.

Tarehe 17

Taa ya tatu inatupa mwanga mwembamba, mrefu, kama kijiti. Ukiangalia mlima labda ni nzuri. Ukiangalia mikono yako mwenyewe, unaona duara la ukubwa wa sahani ndogo, linang'aa mpaka machozi yanatoka, na nje ya duara ni giza tupu. Nati ikianguka, imekwenda. Leo zimekwenda mbili. Mwanga ulipogonga maji ukanirudi machoni, nikakaa dakika nzima naona nyota.

Tarehe 19

Mvua haikukatika, nikashinda karakana nikipanga vitu. Ndani ya sanduku nimeikuta tochi ya Tulia, ile aliyoiweka juu ya kopo la rangi. Sikuwa nimeigusa tangu siku ile. Zile siku za meno nilitumia nyingine, ndogo.

Kioo chake kimefunikwa kipande cha plastiki nyeupe, kimefungwa kwa mpira wa kufungia mifuko. Siku zote nilidhani ameficha ufa. Leo nimekiondoa: kioo kizima, hakina hata mkwaruzo. Nimeiwasha bila plastiki, mwanga ukatoka mkali wenye doa la moto katikati. Nimekirudisha, mwanga ukatandazika ukutani wote, laini, bila ukingo, kama asubuhi yenye mawingu.

Ile plastiki ilikuwa mwavuli wa studio. Alikuwa ananimulikia kama alivyowamulikia maharusi.

Nilikaa chini na tochi mapajani. Nikakumbuka chumba chake cha kusafishia picha, chenye balbu nyekundu, siku Tulia alipotuingiza mimi na mume wangu tuone. Tulikuwa tumeoana miezi miwili. Tulisimama watatu bega kwa bega, harufu ya dawa inawasha pua, Tulia anatikisa karatasi ndani ya trei na koleo la mbao. Kwanza hakuna kitu. Kisha ukatokea mstari, ukawa nyusi, ukawa uso wa mume wangu, anatuangalia kutoka ndani ya maji. "Usiharakishe mwanga," Tulia akasema. "Ukiuharakisha, unakukimbia." Mume wangu akanibana kidole gizani. Mikono ya Tulia ilikuwa imetulia hivi kwamba maji ya trei yalisogea bila kutoa sauti.

Nimekata kipande cha kopo jeupe la maziwa, nimekibandika juu ya taa ya tatu. Imesaidia. Lakini imepungua nguvu nusu.

Tarehe 22

Binti yake amenipigia simu.

"Mama mdogo, shikamoo. Wewe na baba mmegombana?"

"Marahaba. Amesema nini?"

"Hajasema kitu, ndiyo maana nakuuliza. Anashinda dirishani. Na mama mdogo... mkono wake. Ulikuwa unajua?"

"Mkono una nini?"

"Anamwaga chai. Jana ameshindwa kufunga vifungo vya shati. Nimempeleka kwa daktari kwa nguvu. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka. Daktari anasema umeanza kama miaka miwili iliyopita. Haiwezekani wewe usione, mlikuwa pamoja kila siku."

Nimemwambia sikuona. Ni kweli, na ndilo linaloniuma. Nilimwona akiegemea ukuta wakati wa kumulika, nikadhani uvivu. Nilimwona akishika tochi kwa mikono miwili, kiwiko kimekaa juu ya goti, nikadhani uzee. Nilimpigia kelele mtu aliyekuwa anapigana na mkono wake mwenyewe, saa nzima, kimya kimya, ili mimi nione nati.

Nimeandika namba yake kwenye simu mara tatu, nikaifuta mara tatu. Ningesema nini? Ulimi hauna mfupa, lakini leo wangu umepata.

Tarehe 25

Pampu nne. Sikumpigia.

Tarehe 28

Taa ya nne. Muuza vifaa ameapa. Nimeijaribu siku mbili: rangi zinaonekana, mwanga umetandazika, betri iko nyuma, kichwa chake kinageuka juu na chini. Nadhani nimeipata.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi ni za kuku.

Saa tatu asubuhi walinipigia kutoka zahanati. Wodi ya akina mama wanaojifungua haikuwa na maji, na wanawake watatu walikuwa kwenye uchungu. Nikaenda mbio, mvua inapiga kioo cha gari kama changarawe.

Pampu yao iko kwenye chemba chini ya jengo. Unainua mfuniko, unashuka ngazi ya chuma, kisha unajipinda kwenda kona ya ndani, ambako mwanga wa mchana haufiki. Nilizima swichi kuu, nikafunga boksi kwa kufuli langu, ufunguo mfukoni. Simu nikaiacha juu kwenye mkoba, kwa sababu chini kulikuwa na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Hayo yote ni sahihi, ningeyafanya tena. Kosa ni kwamba sikumwambia mtu yeyote, "Nashuka, kaa hapa." Tulia alikuwa anakaa hapo. Sikuwahi kuhitaji kumwomba mtu mwingine.

Sili, ule mpira wa kuziba kiungo kati ya tangi na pampu, ilikuwa imekufa, maji yanavuja. Nikafunga valvu, lakini valvu yenyewe ni kuukuu, haikubana sawasawa. Nikasema kazi ya haraka: bolti nne, toa sili, weka mpya, kaza. Nikafungua zote nne, nikatoa sili kuukuu. Maji yakaanza kuja kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa sili mpya.

Taa ikazima.

Haikufifia. Haikupepesa. Ilizima tu, kama mtu amefumba jicho. Nikabonyeza swichi. Hakuna. Nikapiga piga kichwa, nikapiga betri. Hakuna. Na giza la chini ya ardhi si kama la chumbani. Unainua mkono mbele ya uso na huna mkono.

Nilishika sili kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikapapasa kutafuta kiungo, maji yakanisukuma. Yalikuwa ya baridi, yamefika magotini. Nikageuka kutafuta ngazi, mguu ukakanyaga kitu cha mviringo, nikaanguka. Kifundo cha mkono wa kulia kikagonga bomba. Nilisikia kabla sijahisi.

Nikapiga kelele. Mvua juu ikanijibu. Nikapiga tena, na tena. Sijui ni muda gani. Nilifikiri juu ya wale wanawake watatu. Kisha, nisiseme uongo, nikafikiri juu yangu mwenyewe, na jinsi ambavyo wangemwambia Tulia: shemeji yako amekufa chini ya jengo, na taa kichwani.

"Kuna mtu huko?"

Alikuwa dada mfagizi wa zahanati, amekuja nyuma ya jengo kukinga maji ya mvua kwa ndoo, akaona mfuniko uko wazi.

"Fundi! Nimulikie!"

"Kwa simu?"

"Kwa chochote!"

Aliteremka vidato vitatu vya ngazi, kisha akasema hawezi zaidi, anaogopa mashimo tangu utotoni. Akapanda, akalala kifudifudi kwenye saruji, mvua inampiga mgongoni, akanyoosha mkono ndani ya chemba mpaka begani. Mwanga wa simu ukaja kwenye kona ya ndani, mdogo, unaruka ruka juu ya maji.

"Samahani, mama," akasema, sauti imejaa kilio. "Natetemeka."

"Tetemeka tu, dadangu," nikamwambia. "Ila usiondoke."

Hakuondoka. Ule mwanga ulicheza kama kipepeo aliyeingia chumbani. Ulikwenda kwenye bomba, ukaruka kwenye ukuta, ukarudi. Nami nikausubiri. Ukipita kwenye tundu, nasogeza sili. Ukirudi, naingiza bolti. Mkono wa kushoto ulifanya kazi, wa kulia ukashikilia tu. Maji yalifika mapajani. Nikaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, nikakaza kwa kupokezana kama mume wangu alivyonifundisha, na maji yakaanza kukata, yakawa uzi, yakawa matone.

Mwanga unaotetemeka, bolti nne.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na yule dada juu akadhani nimeumia zaidi akaanza kuita watu.

Walininyonyea maji ya chemba kwa pampu ya kuazima, na saa saba mchana maji yalifika wodini. Mtoto wa kwanza alizaliwa saa nane. Muuguzi alinifunga mkono akanipeleka nikamwone. Hakuwa na habari na mtu yeyote.

Tarehe 3

Mkono haukuvunjika. Umeteguka. Kazi hakuna wiki mbili.

Tarehe 6

Mvua, na mimi kitandani kama mgeni nyumbani kwangu. Nimeisikiliza mvua kwenye bati na nimegundua kwamba sijawahi kuisikia. Msimu wa mvua siku zote ulikuwa sauti ya Tulia ndani ya gari, akieleza jinsi mwanga wa siku ya mawingu ulivyo bora kwa ngozi nyeusi, mimi nikiitikia "mm" huku nikifikiria pampu inayofuata.

Tarehe 11

Nimekwenda dukani na mfuko wangu mwenyewe. Muuza vifaa aliuona mkono wangu uliofungwa akaacha utani.

"Leo sitaki boksi lolote liniambie kitu," nikasema. "Nipe taa zote ulizonazo, na ndoo ya maji, na stoo yako kwa nusu saa."

Akanipa. Nikajifungia stoo, mlango nikaziba kwa gunia. Kutoka mfukoni nikatoa vipande vya waya: kahawia, nyeusi, kijivu, bluu, kijani. Nikavaa glavu. Kila taa nikaiuliza maswali yaleyale. Je, kahawia ni kahawia? Nikiangalia viganja vyangu, naona na pembeni? Nikiangalia maji, unanipiga machoni? Nikitikisa kichwa kama mbuzi, unabaki? Swichi naipata kwa glavu? Nikikuchovya kwenye ndoo, unaishi? Kisha swali la mwisho, nililolijua kwa kuumia: betri ikikaribia kwisha, unaniaga, au unaondoka tu?

Hilo la mwisho lilitaka uvumilivu. Zilizofaulu mengine zilikuwa mbili. Tukaziacha ziwake juu ya kaunta mchana kutwa. Moja ilizima ghafla saa tisa, mteja wa misumari akashtuka. Ya pili, karibu na saa kumi na moja, ilipepesa mara tatu, ikashuka ikawa hafifu, na ikaendelea hivyo hafifu zaidi ya nusu saa, kama mgeni mstaarabu anayesema nakwenda, nakwenda, huku bado amekaa.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ndiyo yenye namba ndogo kuliko zote," muuza vifaa akasema kwa huzuni.

Nimechukua mbili, ya pili iwe ya akiba. Siku ya chemba imenifundisha hilo.

Tarehe 14

Basi saa kumi na mbili asubuhi. Mvua imepungua, mashamba pande zote yamesimama ndani ya maji.

Alikuwa dirishani, kama binti yake alivyosema. Amekonda. Mkono wa kulia alikuwa ameukalia, kama mtu anayemzuia mtoto mtundu.

"Shemeji," nikasema.

"Karibu. Mkono una nini?"

"Nilianguka kwenye chemba."

"Nani alikuwa anakumulikia?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Hasira zangu hizo," akasema.

"Hapana. Ni mdomo wangu. Shemeji, nimekuja kukuomba radhi. Nilikudhalilisha mbele ya mtu."

"Ulisema kweli. Msumari hautikisiki."

"Msumari hausomi rangi za waya. Msumari haujui kivuli changu kinaangukia wapi. Nimefanya kazi na msumari msimu mzima, shemeji, nauliza huo msumari ulikuwa na faida gani?"

Akatabasamu kidogo, upande mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Aliutoa mkono chini ya paja, akauacha utetemeke mbele yetu wote wawili. "Mpiga picha anakuambia mkono wake hautulii? Studio ilipokwisha, nilibaki na mkono. Nilisema nikikuambia, nitabaki na nini?"

Nikamwekea taa mapajani.

Aliigeuza geuza. Akaiwasha, akamulika kiganja chake, akatazama rangi ya ngozi. Akamulika ukuta, akatafuta ukingo wa duara asiuone. Nikaona ile sura yake ya studio inarudi.

"Nani amekuchagulia?"

"Mimi."

"Hm. Umejifunza kitu." Akaivaa kichwani ili aijaribu, binti yake akimsaidia mkanda, kisha akageukia kona yenye giza ya chumba.

Tuliona wote watatu kwa pamoja. Mikono yake ilikuwa magotini inatetemeka. Mwanga ukutani ulikuwa umetulia tuli. Aligeuza kichwa polepole kwenda kushoto, kulia, chini, na mwanga ukamfuata bila kucheza hata chembe.

Binti yake akaweka kikombe mezani.

Tarehe 15

Kulikuwa na pampu ndogo nyuma ya nyumba ya binti, imekufa tangu mwaka jana. Nimeifungua kwa mkono mmoja na nusu. Tulia amekaa juu ya kigoda ukingoni, taa kichwani.

"Sogea kushoto, unajitilia kivuli."

"Sawa."

"Hiyo kahawia. Hiyo nyeusi."

"Naziona, shemeji."

"Najua unaziona. Nakusomea tu."

Saa nane maji yakatoka. Wakati wa kuosha mikono akaniambia, "Daktari anasema huu ugonjwa hausimami. Siku moja utafika na kichwani."

"Nimesikia."

"Nikirudi, nina sharti. Siku mwanga ukitikisika, uniambie mimi. Usimwambie mwenye pampu."

"Nimekubali."

"Na usiniambie tulia."

Tukacheka mpaka binti yake akatoka nje kuuliza kuna nini.

Tarehe 17

Tumerudi wawili. Alilala njia nzima, mdomo wazi.

Tarehe 29

Mvua zimekwisha, nadhani. Mkono umepona. Leo tumeanza kazi, pampu ya kisima cha jirani wa mwenye dobi. Mimi na taa yangu nikiwa chini, yeye na ile ya pili akiwa kwenye kigoda juu. Mianga miwili, hakuna kivuli kabisa. Nati imeanguka mara moja na nimeiona ilipoangukia.

Saa tano na nusu mwanga wake ukatikisika.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ndogo, "umetikisika."

"Nimeuona," akasema.

Nikaweka spana chini, nikapanda. Tukakaa ukingoni mwa kisima, taa zetu tumezizima, tukanywa chai ya chupa, akanieleza jinsi jua la baada ya mvua lilivyo gumu kulipiga picha, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho, mpaka aliposema tuendelee.